Nyumba Iliyoingia Chokaa

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umezungushiwa kitambaa cheupe, na macho yangu yalikuwa ukutani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maiti akioshwa hufunikwa shuka, na mwoshaji hupitisha mkono chini ya shuka hiyo bila kutazama, kwa upole, kana kwamba aliyelala anaweza kuamka na kulalamika. Mwenzangu alikuwa akimimina maji yenye majani ya mkunazi. Nimeosha maiti wengi hapa Mitole na mkono wangu unaijua njia. Asubuhi ile ulifika mahali ukasimama.

Palikuwa na kitu kigumu. Kilikuwa na ukubwa wa korosho ikiwa bado ndani ya ganda lake, kimekaa upande mmoja, na kingo zake zilikwaruza kitambaa. Nilipoutoa mkono, kitambaa kilikuwa na damu.

"Mimina," nikamwambia mwenzangu, naye akamimina.

Sikusema zaidi. Mwoshaji hasimulii aibu ya maiti, na mimi sijaisimulia kwa yeyote anayemjua. Hata hapa marehemu namwita Mastura, na hilo si jina lake. Jina lake halisi nalitamka ninapokuwa peke yangu shambani, chini kwa chini, kwa sababu nimeshindwa kuacha.

Mastura alikuwa somo yangu. Yeye ndiye aliyenipokea nilipovunja ungo, wakati mama yangu mzazi alikuwa hawezi kunitazama usoni kwa haya. Alikuwa mwanamke kijana bado, mrefu, mwenye sauti nzito na mdomo usiolala. Alinifundisha kukaa, kuoga, kupika, kumpokea mume. Na alinifundisha kusema, maana katika mambo hayo hatukutaja vitu kwa majina yake. Damu ya mwezi ilikuwa mgeni. Mimba ilikuwa mzigo. Na sehemu ile ya mwili ambayo hata leo kalamu yangu inaizungukazunguka, tuliiita nyumba. Nyumba hufagiwa, alisema, nyumba hufukizwa udi, nyumba haina mlango wa kuachwa wazi. Alinifundisha kuifagia, kuifukiza na kuinyamazia. Kuitazama hakunifundisha, kwa sababu na yeye hakufundishwa.

Kwa miaka mingi lugha ile ilitutosha. Tulikutana kwake kila alasiri, tunabangua korosho au tunachambua mchele, na yeyote aliyetukuta alidhani tunazungumzia ujenzi. "Somo, nyumba inavuja?" "Somo, nyumba salama." Tulicheka mpaka wanaume waliokuwa wakipita njiani wakageuka. Sijawahi kucheka vile na mtu mwingine, na umri niliofika sitarajii kumpata mwingine wa kucheka naye.

Kisha nyumba yangu ikaanza kuwasha.

Nilikuwa nimeshaagana na mgeni wa kila mwezi. Mwasho ulikuja jioni jioni, ukawa wa kila siku, mwasho wa kumfanya mtu mzima ainuke katikati ya mazungumzo ya heshima akajifanye anakwenda kuchungulia chungu. Nilichemsha mwarobaini. Nilipaka mafuta ya nazi. Ujinga ukanizidi nikanawa na maji ya ndimu, na siku hiyo niliziona nyota mchana. Nilinunua dawa ya fangasi kwenye duka la dawa, moja, kisha nyingine, maana huku kwetu chochote kinachomwasha mwanamke huitwa fangasi na kinauziwa dawa kabla hajamaliza sentensi.

Mume wangu Fakihi ni mtu wa maneno machache na mikono mipole. Lakini kila aliponikaribia, ngozi ilichanika kama karatasi iliyolowa, na kesho yake hata haja ndogo ilikuwa moto. Sikumwambia. Nikaanza kuumwa kichwa, kisha mgongo, kisha kila kiungo ambacho mwanamke anaweza kuumwa kwa adabu. Fakihi alinisikiliza, akanunua dawa ya kuchua, na mwishowe akahamishia godoro lake chumba cha pili, kwenye magunia ya korosho. Alisema ni joto. Nilimsikia akijigeuza huko ng'ambo ya ukuta na nikamtamani mume wangu kama mtu anavyomtamani aliyesafiri, naye hajavuka hata kizingiti cha mlango wa nje.

Ndipo siku moja nilipochukua kioo chake cha kunyolea ndevu, nikafunga komeo, nikafanya nililokuwa sijalifanya tangu nizaliwe. Nilitazama. Ngozi ilikuwa nyeupe. Haukuwa weupe wa kuchubuka. Ilikuwa nyeupe kavu, nyembamba, yenye mikunjo midogo kama ile ngozi ya ndani ya kitunguu, na imezunguka kuanzia mbele hadi nyuma. Mahali pengine hata umbo lenyewe lilikuwa limeanza kufutika, limejibana na kushikana. Nikakaa sakafuni. Nilidhani ni mbalanga, na kwamba itapanda, itafika mikononi, itafika usoni, na kila mtu sokoni ataisoma.

Nilikwenda kwa Mastura bila hata kufunga mtandio sawasawa.

"Somo," nikamwambia, "nyumba yangu imeingia chokaa."

Alinitazama, akatazama mlangoni, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Basi tumepakwa na fundi mmoja," akasema. "Kwangu ipo siku nyingi. Na kuwasha inawasha."

"Na wewe?"

"Kichwani kwangu si mvi hizi? Basi na huko ni hivyo hivyo. Utu uzima, somo. Ulidhani utabaki mwari?"

Siwezi kueleza faraja niliyoipata. Nilirudi nyumbani natembea kama msichana. Kilichokuwa ugonjwa kikawa umri, na kilichokuwa siri yangu kikawa mzaha wetu wawili. Tangu siku hiyo tulikaa tukijikuna kwa zamu, mmoja analinda njia, na kuulizana kama fundi kaongeza mkono wa pili. Huo ndio ulikuwa upumbavu wetu, na naukumbuka kwa mapenzi. Ningeweza kuurudia wote kwa alasiri moja tu ya kukaa naye.

Niliwahi kwenda zahanati, ili isisemwe sikwenda. Mganga alikuwa kijana wa bara, Benedicto, mwenye adabu kupita kiasi. Nikamwambia nyumba yangu imeingia chokaa na inawasha. Alinionea huruma kweli, akaniuliza kama fundi alichanganya saruji ya kutosha. Nikaona aibu kumsahihisha, nikasema ni fangasi. Akataka kumwita nesi wa kike anitazame. Nikasema hakuna cha kutazama, akaandika dawa ya kupaka, nikaondoka na boksi jingine lilelile. Mastura nilipomsimulia habari ya saruji alianguka kwenye mkeka.

Katika vitu vyote vyake, kilichomfanya Mastura ajulikane kijijini kilikuwa kibao cha mbuzi. Alikuwa akikuna nazi kwenye kila harusi na kila khitma. Alikipanda kile kibao, ameketi katikati, magoti huku na huku, kanga imekunjwa vizuri kati, na kifuu kinazunguka mkononi kama kimeshikwa na mashine. Nazi ilishuka nyeupe tupu. Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya. Mkono wangu mzito, nilikuna mpaka nikakifikia kifuu, na tui langu lilitoka na rangi ya maji ya kufulia. "Unakuna nazi au unachimba kisima?" aliniuliza kila mara, mbele za watu, hata nilipokuwa na wajukuu.

Msimu mmoja wa korosho nilimwona amekaa kwenye mbuzi upande, miguu yote miwili imeelekea mkono wa kulia, kama mwanamke aliyepakiwa nyuma ya baiskeli. Nazi ilikuwa ikiruka ovyo. Nikamuuliza.

"Mgongo," akasema.

Baadaye akaacha kabisa kukalia mbuzi. Akaanza kukalia mto, kisha mito miwili. Alisema mgongo, akasema nyonga, akasema gari lililomrusha alipokwenda Somanga kwa binti yake Naima. Mimi niliyemwambia Fakihi mgongo miaka mizima, niliuamini mgongo wa Mastura. Mizaha ya nyumba ilipungua. Nilipomuuliza kama inavuja, alisema, "Acha, somo, leo sina kicheko," na akanishika mkono. Aliushika muda mrefu. Alikonda, homa zikawa zinakuja na kuondoka, tezi za kwenye kinena zikamvimba, akasema ni mtoki wa kawaida. Alipokubali kubebwa kupelekwa hospitali, alifariki kabla gari halijapatikana.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwosha, na mkono wangu wa kushoto ndio uliosikia kile ambacho mdomo wake, uliosema kila kitu, haukusema.

Siku za matanga nilikaa na waombolezaji, nikatia chumvi kwenye mboga, nikaitikia dua. Lakini kitambaa kile kilikuwa kinanirudia. Wanawake walisema ni kisukari, walisema ni watu wabaya. Nilitaka kusema sivyo, na sikuwa na ruhusa. Matanga yalipoanuliwa nilichukua tena kioo cha Fakihi, nikafungua dirisha la uani mwanga uingie. Chokaa ilikuwa palepale. Lakini upande mmoja, mahali palepale ambapo mkono wangu ulisimama kwa Mastura, palikuwa na baka nene, gumu kidogo, lenye mpasuko mwembamba ambao nikikumbuka vizuri ulikuwapo tangu kabla ya mvua na haujafunga.

Kesho yake nilipanda bodaboda, nikakaa upande, nikaenda Kilwa Masoko.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa Mehjabeen, binti wa Aliasgar mwenye duka la kanga kule Lindi. Nilimjua tangu akiwa anakalishwa juu ya kaunta na kupewa pipi ili asilie. Nilitaka kugeuka. Mtoto niliyemwona akiwa na pipi mdomoni, leo nimfunulie mimi?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Karibu ukae." Akaona nimesita mbele ya kiti. Akaona nimekaa kwa upande mmoja. "Kuna mahali panauma?"

"Nyumba yangu imeingia chokaa," nikasema, kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo.

Nilingoja aniulize habari za fundi. Hakuuliza. Aliweka kalamu chini.

"Nyumba ipi, mama?"

"Yangu mwenyewe," nikasema. "Hii niliyozaliwa nayo." Nikaanza kulia, na nililia kwa ajili ya Mastura, ingawa yule binti hakujua.

Alifunga mlango, akavuta pazia, akanieleza kila atakachofanya kabla hajakifanya. Alitazama bila haraka na bila kukunja uso. Kisha akanipa kioo na kunionyesha, kwa kidole kilichovaa glovu, mwili wangu mwenyewe, kila mahali kwa jina lake. Kumbe kuna majina, na hayaumi. Aliniambia ile si mbalanga. Haitokani na uchafu wala uzinzi, na sikuambukizwa wala siwezi kumwambukiza Fakihi. Ni ugonjwa wa ngozi, akaniambia, unaitwa laikeni sklerosasi. Nilimwomba arudie, jina likanishinda, nikaendelea kuuita chokaa.

"Na utu uzima?" nikauliza. "Si utu uzima?"

"Wengi huupata wakiwa watu wazima," akasema. "Lakini si uzee, mama. Hata wasichana wadogo huupata. Ungekuja mwasho ulipoanza, ngozi isingeshikana hivi. Kwa wachache, ngozi ya namna hii hugeuka saratani. Ndiyo maana kidonda kisichofunga hakingojwi, wala uvimbe, wala damu." Akachukua tena kalamu. "Kwenu kuna mwingine mwenye hali hii? Mama, dada?"

"Sina dada," nikasema. Ilikuwa kweli; somo hakuulizwa.

Alinichoma sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo kama punje ya mtama mahali pale penye unene, akakitia kwenye chupa kipelekwe kupimwa. Akanipa mafuta ya kupaka yenye nguvu, kiasi cha ncha ya kidole, na kunikataza ndimu kwa ukali ambao hakuutumia kwa kitu kingine chochote. Nilirudi Mitole kungoja.

Majibu yalipokuja alinipigia mwenyewe. Pale mahali palikuwa pameanza kugeuka. Haijawa saratani, alisema, lakini ilikuwa njiani, na ikatwe sasa. Ilikatwa Lindi. Fakihi alinipeleka, baada ya mimi kumkalisha kwenye magunia yake ya korosho na kumwambia yote. Alipapasa gunia alilokalia. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umenichoka." Maskini mume wangu, na miaka ile yote ng'ambo ya ukuta. Mwasho ulitulia kwa mafuta yale. Kilichokwisha kushikana hakikuachia chote, lakini godoro lilirudi chumbani, na ya chumbani ni yetu.

Siku niliyorudi kutoka Lindi ilikuwa alasiri. Niliweka mfuko, nikavaa mtandio, nikatoka. Nilikuwa nimeshavuka mikorosho ya jirani na kuliona paa lake ndipo nilipokumbuka. Miguu ilikuwa inakwenda kumwambia Mastura. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno: somo, fundi kafukuzwa. Nilisimama pale njiani na maneno yangu mdomoni, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angeyaelewa.

Alibaki binti yake, Naima. Aliishi Somanga, kando ya barabara kuu, anauza korosho za kukaanga na wali wa nazi kwa abiria wa mabasi. Nilijiambia siendi, maana nikienda nitasema, na nikisema nitakuwa nimeifunua ile shuka. Nilikwenda. Sababu niliyojipa ni kumjulia hali, mtoto kafiwa.

Nilimkuta nyuma ya kibanda, anakuna nazi. Alikuwa na mikono ya mama yake. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi upande, miguu yote miwili imeelekea mkono wa kulia.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaketi. "Mgongo?" nikamuuliza.

"Mgongo," akajibu, bila kuinua uso.

Nikamsimulia yangu. Ya mama yake sikuigusa. Nilianza na Fakihi kulala na magunia, kwa sababu hapo mtu anaweza kucheka, na Naima akacheka. Nikafika kwa Benedicto na saruji, akacheka tena. Kisha nikasema weupe, nikasema mpasuko, nikasema kipande cha mtama na kisu cha Lindi. Nilisema nyumba, nikasema chokaa, na kifuu kikasimama mkononi mwake.

"Mama naye aliiita hivyo," akasema. "Nilipomwambia yangu, alisema ni utu uzima." Akatazama nazi iliyokuwa imemwagika. "Mimi huo utu uzima sina, ma'mdogo. Mwanangu wa mwisho ananyonya."

Basi la Lindi likasimama barabarani. Wenzake wakakimbia na sinia zao, mmoja akamwita kwa jina. Naima hakuinuka.

"Nani alikuambia uende?" akauliza.

"Mama yako."

"Mama hakwenda popote. Nilimsihi aende hata kwa huo mgongo, hakwenda."

"Hakwenda," nikasema. "Mimi alinituma."

"Lini?"

"Mara ya mwisho nilipokuwa naye."

Alinitazama. Alijua ni nani aliyemwosha mama yake. Watu wote wanajua. Nilikaza macho yangu kwake na sikuongeza neno, na yeye hakuliomba. Basi likaondoka. Vumbi likaja mpaka uani, likatua kwenye nazi, hakuna aliyelijali.

"Huyo daktari," akasema mwishowe, "ni mwanamke?"

"Mwanamke. Ana kioo, atakuonyesha mwenyewe. Nitakaa nawe nje ya pazia."

"Twende leo."

"Twende leo. Mtoto tutambeba."

Alijishika kwenye nguzo ya kibanda akainuka taratibu, akaenda kuoga. Nikayasikia maji, nikamsikia akisimama katikati ya kuoga, kimya, kisha maji tena. Nazi ilikuwa imebaki nusu, na wateja wa wali walikuwa wanakuja. Nikakivuta kibao cha mbuzi. Nikakikalia katikati, magoti huku na huku, kanga nimeikunja kati kama nilivyofundishwa. Hapakuuma.

Nikakuna. Nilikuna mpaka nikakifikia kifuu, tui likatoka chafu, na hakuna aliyenigombeza.